Tabayyun Mbele ya Kamera: Darsa kwa Wanaotazama Vipindi vya Uchunguzi



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, vipindi vya uchunguzi vya televisheni siku hizi havisubiri saa ya taarifa ya habari. Vinakatwa vipande vya dakika mbili, vinaingia kwenye simu, na kabla ya adhana ya Isha kila kundi la hosteli limeshatoa hukumu yake. Wapo kati yetu wanaosema kazi hii yote ni usengenyaji unaolipwa mshahara, na kwamba Muislamu hana haja nayo. Wapo wengine wanaosambaza kila kipande kwa hoja moja tu, kwamba kimeonyeshwa kwenye televisheni. Darsa hili litajaribu kuonyesha kwamba makundi yote mawili yamekosa mizani, na kwamba mizani yenyewe tunayo. Tutaitazama kwa visa vinne vya kweli.

Msingi wa darsa

Tuna aya mbili katika sura moja. Aya ya 6 ya Suratul-Hujuraat inawaamrisha waumini wahakikishe habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu bila kujua kisha wakajuta. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba ilishuka baada ya mjumbe aliyetumwa kukusanya zaka kurudi na habari isiyo sahihi kuhusu kabila zima, habari ambayo ilikaribia kuleta vita. Katika visomo vinavyokubalika neno la amri limesomwa kwa namna mbili: moja ina maana ya kutafuta ubainifu, nyingine ina maana ya kuthibitisha bila haraka. Ukiziunganisha utapata kazi yote ya mwandishi mzuri wa habari: tafuta mpaka jambo liwe wazi, na usikimbie.

Aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inakataza dhana nyingi, inakataza kupeleleza aibu za watu, na inakataza kusengenyana. Kwa hiyo dini inatuamrisha kuchunguza habari na papo hapo inatukataza kuchungulia watu. Mwanafunzi asiyetofautisha mambo haya mawili ama atanyamazia dhulma kwa jina la sitara, ama atafukua siri za watu kwa jina la ukweli.

Kisa cha kwanza: Kamerun, na maswali matatu

Mwezi Julai 2018 video ya kutisha ilisambaa mitandaoni. Wanaume wenye sare za jeshi wanawaongoza wanawake wawili, mmoja amemshika mtoto mkono, mwingine amembeba mtoto mchanga mgongoni. Wanafungwa vitambaa machoni, kisha wanapigwa risasi wote wanne. Waliosambaza walisema ni jeshi la Kamerun. Serikali ya Kamerun ikasema ni uzushi. Hebu jiulize: kama video ile ingekufikia wewe siku ile, ungefanya nini? Kuna waliomwamini aliyesambaza kwa sababu wanaichukia serikali ile, na kuna walioiamini serikali kwa sababu ni serikali. Pande zote mbili ziliamini bila ya kuhakikisha.

Kikosi cha BBC Africa Eye kiliweka imani pembeni na kuuliza maswali matatu: wapi, lini, na nani. Kwa swali la wapi, walichukua umbo la mlima unaoonekana nyuma ya watu mwanzoni mwa video, wakalilinganisha na sura ya ardhi katika picha za setilaiti, mpaka wakalipata karibu na mji wa Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kamerun, jirani na mpaka wa Nigeria. Kwa swali la lini, walitazama majengo yanayoonekana katika video na kuyatafuta katika picha za setilaiti za miaka tofauti, wajue lipi lilikuwapo na lipi lilikuwa halijajengwa au limeshabomolewa. Kisha wakapima vivuli vya wale askari, kwa kuwa kivuli hutaja pembe ya jua, na pembe ya jua hutaja majira ya mwaka. Wakafikia jibu: kati ya tarehe 20 Machi na tarehe 5 Aprili 2015. Kwa swali la nani, walichunguza silaha, sare na majina yanayosikika, wakayalinganisha na taarifa nyingine.

Mwezi Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba askari saba wamekamatwa. Uchunguzi wa BBC ukatolewa Septemba. Miaka miwili baadaye, Septemba 2020, mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja na wa tano miaka 2, na wawili waliobaki wakaachiwa huru.

Tuna mafunzo mawili hapa. La kwanza, tabayyun ni kazi yenye hatua, na kila hatua inaweza kukaguliwa na mtu mwingine. Wachunguzi wale waliuonyesha mlima, wakaonyesha vivuli, na mtazamaji akaweza kupima mwenyewe. Mtu akikwambia "nina uhakika" bila kukuonyesha njia aliyopita, bado hajakupa kitu. Sisi tuliosoma kidogo elimu ya hadithi tunalifahamu hili: muhaddith haulizi maneno tu, anauliza yamepitia kwa nani.

La pili, wawili kati ya saba waliachiwa. Hata uchunguzi ukiwa mzuri, hukumu ya mtu mmoja mmoja inabaki kwa hakimu. Mwandishi analeta ushahidi. Mtazamaji aliye kitandani na simu yake si kadhi.

Kisa cha pili: Birmingham, na watu wanaochukiwa

Usiku wa tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili mjini Birmingham, Uingereza, na watu 21 wakafa. Polisi wakawakamata wanaume sita wenye asili ya Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1975 walihukumiwa kifungo cha maisha. Ushahidi mkubwa ulikuwa wa aina mbili: maelezo ya kukiri kosa, ambayo washitakiwa walisema yalitolewa kwa vipigo, na kipimo cha maabara kilichodaiwa kuonyesha kwamba baadhi yao wameshika baruti.

Waingereza walikuwa na hasira, na Mwairish yeyote alitazamwa kwa shaka. Mwaka 1980 wale sita walipotaka kuwashitaki polisi kwa kuwapiga, jaji mkubwa, Lord Denning, alizuia kesi yao. Hoja yake ilikuwa kwamba kama watu hawa wanasema kweli, basi polisi wamesema uongo na kutumia nguvu, na jambo hilo ni baya mno kiasi kwamba kesi isiendelee. Tafakari hoja hiyo, ndugu msomaji. Heshima ya chombo ilitangulizwa mbele ya haki ya watu.

Mwaka 1985 kipindi cha World in Action cha televisheni ya Granada, ambacho mwandishi Chris Mullin alishiriki, kilikirudia kile kipimo cha maabara. Kikaonyesha kwamba vitu vya kawaida kabisa vinaweza kutoa jibu lile lile, zikiwamo karata za kuchezea, kwa sababu ya kemikali iliyopakwa juu yake. Na usiku ule wa mabomu wale wanaume walikuwa wamecheza karata ndani ya treni. Hata hivyo rufaa yao ilikataliwa mwaka 1988. Waliachiwa huru tarehe 14 Machi 1991, baada ya kukaa gerezani zaidi ya miaka 16.

Waislamu wa zama zetu tunajua maana ya jamii nzima kutiwa shaka kwa kosa la wachache. Ndiyo maana kisa hiki kinatuhusu. Tukisoma aya ya 8 ya Suratul-Maaida, inayokataza chuki dhidi ya watu isitupeleke kwenye kutotenda uadilifu, mara nyingi tunawaza uadilifu ambao wengine wanatudai au ambao sisi tunawadai wengine. Waandishi wale walisimama upande wa watu waliochukiwa na nchi yao wenyewe, wakaendelea hata mahakama ilipowakatalia. Je, sisi tungeweza kumtetea mtu wa dini nyingine, au wa kabila tusilolipenda, aliyesingiziwa hapa chuoni?

Kisa cha tatu: Lagos na Accra, na mpaka wa sitara

Oktoba 2019 BBC Africa Eye ilitoa uchunguzi kuhusu wahadhiri wanaodai ngono kwa wanafunzi wa kike ili wawape alama au nafasi ya kujiunga na chuo. Waandishi wanawake walijifanya wanafunzi, wakaingia na kamera za siri katika Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana. Aliyeongoza kipindi, Kiki Mordi, alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliacha masomo kwa sababu ya manyanyaso ya aina hiyo. Vyuo vyote viwili viliwasimamisha kazi wahadhiri waliohusika, na ndani ya siku chache Seneti ya Nigeria ilirudisha mezani mswada wa kuzuia unyanyasaji huo vyuoni.

Hapa ndipo kundi la kwanza nililolitaja linapouliza: je, hii si tajassus iliyokatazwa? Swali ni la haki, na tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza, sitara iliyosisitizwa katika dini ni kwa mja aliyeteleza kwa dhambi yake na Mola wake. Mhadhiri anayeshika mtihani wa binti wa watu kama rehani anafanya dhulma kwa mtu mwingine, na kesho atamfanyia mwingine tena. Aya ya 148 ya Suratun-Nisaa inaeleza kwamba Allah hapendi maneno mabaya kutangazwa, kisha ikamtoa katika katazo hilo aliyedhulumiwa. Imam an-Nawawi katika Riyadhus-Swalihiin ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya wake, na miongoni mwake ni kushitaki dhulma, kutafuta msaada wa kuondoa uovu, na kuwatahadharisha watu na shari.

Pili, ruhusa hiyo ina mipaka. Kutokana na misingi hii tunapata vipimo vya kumpima mchunguzi: Je, kuna mtu anayedhulumiwa? Je, zilikuwapo dalili kabla kamera haijaingia, au wameingia kuvua tu? Je, njia ya wazi imeshindikana? Je, wameonyesha kiasi kinachotosha kuthibitisha dhulma, au wameongeza aibu za nyumbani ili watazamaji wafurahi? Kipindi kinachofuata kiongozi mpaka chumbani kwake kwa jambo lisilomdhuru raia yeyote hakipiti hapa, hata kikipata watazamaji milioni.

Tatu, tusifiche kwamba yapo mambo yenye uzito wa kifiqhi. Kujifanya mtu mwingine, na mwanamke kukaa faragha na mwanamume asiye maharimu wake, ni mambo ambayo Muislamu hawezi kuyapita kimya kwa sababu tu lengo ni jema. Anayetaka kuingia katika kazi hii akawaulize wenye elimu kabla ya kuvaa kamera.

Lakini kuna jambo lisilohitaji kamera wala fatwa ndefu. Dada anapomjia amira au kiongozi wa jumuiya na kusema kwamba mwalimu fulani amemtaka, asiambiwe "mstiri mwalimu wako" wala asiulizwe alivaa nini. Maneno hayo yanamstiri dhalimu na kumwacha wazi aliyedhulumiwa. Asikilizwe na dada mwenzake anayeaminika. Aambiwe ahifadhi ujumbe wote aliotumiwa, aandike tarehe, saa na mahali, asiende ofisini peke yake, na asindikizwe kwenye ofisi ya chuo inayohusika. Na mwalimu naye asitangazwe kwenye makundi kabla ya kusikilizwa. Kumsikiliza dada kwa uzito na kungoja uthibitisho ni mambo yanayokwenda pamoja.

Kisa cha nne: London, na njia mbovu

Tarehe 20 Novemba 1995 kipindi cha Panorama cha BBC kilirusha mahojiano ya Martin Bashir na Diana, Binti Mfalme wa Wales. Watu takriban milioni 23 waliyatazama nchini Uingereza, na tuzo zikafuata. Miaka mingi baadaye ukaibuka upya ubovu wa njia iliyotumika. Ripoti ya Lord Dyson ya Mei 2021 ilithibitisha kwamba Bashir alitengeneza taarifa bandia za benki na kumwonyesha kaka yake Diana, ili aaminiwe na apate kumfikia dada mtu. Ripoti ilisema pia kwamba BBC ilipolichunguza jambo hili yenyewe mwaka 1996 haikufanya hivyo kwa ukamilifu wala uwazi. BBC iliomba radhi na kurudisha tuzo.

Maneno ya kwenye mahojiano yalikuwa ya Diana mwenyewe. Hakuna aliyemwekea kinywani. Hata hivyo mlango ulifunguliwa kwa karatasi za uongo, na leo mahojiano yale hayatajwi bila karatasi hizo kutajwa. Mwizi wa maji ya udhu anaweza kunawa viungo vyote vizuri, lakini dhambi ya wizi ameibeba hadi msikitini.

Linganisha kisa hiki na kile cha Kamerun. Shirika ni lile lile. Kwa hiyo anayesema "naamini kila kinachotoka BBC" na anayesema "siamini chochote cha BBC" wote wamepumzika kufikiri. Kipime kila kipindi kwa ushahidi wake. Mizani hiyo hiyo itumike kwa vituo tunavyovipenda kwa sababu wenye navyo ni Waislamu.

Gharama ya kazi hii

Watazamaji wa Kiswahili katika nchi zetu wengi walianza kuujua uandishi huu kupitia Jicho Pevu cha KTN, kipindi cha Mohammed Ali, aliyechaguliwa mbunge wa Nyali mwaka 2017. Kipindi kile kilionyesha kwamba uchunguzi mgumu unaweza kufanywa kwa lugha inayoeleweka na mama muuza mboga. Lakini kazi hii ina gharama. Ahmed Hussein-Suale, kijana Muislamu wa Ghana, alifanya kazi na mchunguzi Anas Aremeyaw Anas, ambaye huficha uso wake hadharani. Alishiriki katika uchunguzi wa rushwa ya mpira wa miguu wa mwaka 2018, ambao ulimfanya rais wa chama cha soka cha Ghana ajiuzulu. Mwanasiasa mmoja alionyesha picha ya Hussein-Suale kwenye televisheni na kuhimiza apigwe. Tarehe 16 Januari 2019 alipigwa risasi na kuuawa jijini Accra. Allah amrehemu. Aya ya 283 ya Suratul-Baqara inasema moyo wa anayeficha ushahidi unapata dhambi. Wapo waliolichukulia jambo la kutoficha kwa uzito kuliko maisha yao.

Sisi tufanye nini?

Kabla ya kusambaza kipande, kitafute kipindi kizima. Kipande cha dakika mbili mara nyingi kimeacha jibu la mtuhumiwa. Uliza wachunguzi wamejuaje wanachokisema, na kama wameonyesha. Uliza mtuhumiwa amepewa nafasi ya kujibu. Tofautisha kilichothibitishwa na kinachodokezwa kwa muziki wa kutisha na picha za giza. Ukishindwa kujua, nyamaza. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa inatosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Na katika tukio la Ifki, Suratun-Nuur iliwalaumu waumini waliopokezana kwa ndimi zao jambo wasilolijua, wakalidhani dogo.

La mwisho, na pengine ndilo gumu zaidi, tukubali kuchunguzwa. Siku ambayo michango ya futari ya jumuiya yetu itaulizwa, tusiseme anayeuliza anataka kuwavunja Waislamu. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatutaka tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Mtume (s.a.w.) alipoombwa amsamehe mwanamke mwenye nasaba aliyeiba, aliweka wazi kwamba hata binti yake Fatima asingesamehewa kwa sababu ya nasaba. Mweka hazina mwenye daftari safi hana hasara akifunguliwa daftari, na asiye na daftari safi hana haki ya kufunikwa na sisi.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Taja tofauti kati ya kuhakikisha habari na kupeleleza aibu za watu, kwa mifano ya maisha ya hapa chuoni.
2. Je, mwandishi Muislamu anaweza kutumia kamera ya siri? Kwa masharti gani? Andaeni swali hili mlipeleke kwa sheikh.
3. Chagueni kipande kimoja kilichosambaa mwezi huu. Kipimeni kwa maswali matatu ya Kamerun: wapi, lini, nani.
4. Jumuiya yetu ina utaratibu gani wa kumpokea dada mwenye malalamiko? Kama haupo, nani atauandika, na lini?

Tunamuomba Allah (s.w.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Aamin. Wallahu a'lam.